Kila utawala Nairobi huja na mfumo wake wa malipo. Data ya zamani huenda wapi?

Ukiegesha gari katikati ya Nairobi siku hizi, hutafuti sarafu. Unapiga msimbo mfupi kwenye simu, unaweka namba ya gari, M-Pesa inakatwa, na kanjo akipita na kifaa chake anaona umelipa. Wengi wetu tunadhani teknolojia ya jiji ni hiyo tu.

Kumbe hiyo ni sehemu rahisi. Kigumu ni kujua nani anashika mfumo ulio nyuma ya hiyo simu, na anaushika kwa muda gani. Tangu 2014, Nairobi imepitia mifumo mitatu mikubwa ya kukusanya mapato, na kila mara siasa za jiji zilipogeuka, mfumo nao uligeuka.

Wa kwanza ulikuja wakati wa Gavana Evans Kidero. Mwaka 2014 kaunti iliipa Webtribe, kampuni inayomiliki JamboPay, mkataba wa miaka 5. Kabla ya hapo ofisi zilitegemea LAIFOMS, mfumo wa enzi za baraza la jiji, pamoja na vitabu vya risiti ambavyo kila mtu alijua vinavuja. Kampuni ililipwa kwa kamisheni, yaani asilimia ya pesa zilizopita kwenye mfumo wake. Mkataba ukaisha 2019, Mike Sonko akiwa gavana.

Februari 2020 Sonko akatia sahihi kukabidhi majukumu manne ya kaunti kwa serikali ya kitaifa. Ikazaliwa NMS chini ya Mohamed Badi, jenerali wa jeshi, na mamlaka ya ushuru, KRA, ikapewa kazi ya kukusanya mapato ya jiji. Mfumo mwingine ukajengwa, ukaitwa NRS. NMS nayo ikamaliza muda wake 2022, Johnson Sakaja akaingia City Hall, na ikaja Nairobi Pay.

Je, pesa ziliongezeka?

Hapa inabidi kusoma taratibu. Katika mwaka wa fedha 2015/16, mfumo wa kwanza ukiwa umeshika kasi, kaunti ilikusanya takriban shilingi bilioni 11.7. Kufikia 2019/20, katikati ya vurugu za kubadilisha mfumo na uongozi, zilikuwa zimeshuka hadi kama bilioni 8.7, ingawa miezi ya mwisho ya mwaka huo corona pia ilichangia. Mwaka wa fedha 2024/25 zikafika takriban bilioni 13.8, na kaunti ikasema ni rekodi.

Ni rekodi kweli, kwa hesabu ya shilingi. Lakini tangu 2016 bei za bidhaa Kenya zimepanda kwa zaidi ya nusu. Ukipima kwa kile shilingi inaweza kununua, bilioni 13.8 za leo ni kidogo kuliko bilioni 11.7 za wakati ule. Baada ya mifumo mitatu, jiji bado halijafika pale lilipokuwa.

Sababu moja ni kwamba mfumo hauwezi kuona shilingi ambayo haijaingia. Mfanyabiashara wa sokoni akimalizana na askari pembeni, hakuna kompyuta itakayolia. Na ada za viwanja zilikokotolewa kwa takriban miaka 40 kutoka orodha ya thamani ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mitaa mingi ya leo ilikuwa mashamba. Ukiweka orodha ya namna hiyo kwenye programu mpya inayong'aa, unapata hesabu ya zamani kwa haraka zaidi.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo ni kumbukumbu. Fikiria mwenye kiwanja aliyelipa 2016. Risiti yake ilitolewa na mfumo wa kwanza. Kama rekodi hazikuhamishwa vizuri, mfumo wa tatu utamwona kama mdaiwa, utaweka na faini juu, na yeye ndiye atakayepanda ngazi za City Hall na karatasi mkononi. Aliyepoteza risiti atalipa mara mbili ama atafute "mtu wa ndani". Mlango wa hongo ambao teknolojia iliahidi kuufunga unafunguliwa tena na teknolojia yenyewe.

Kazi isiyopigwa picha

Kwa hiyo anayeongoza teknolojia ya jiji, awe waziri wa kaunti au afisa mkuu wa idara, kazi yake kubwa si kuzindua apu. Ni kusoma mkataba na kuuliza maswali ya kuchosha. Data ni ya nani mkataba ukiisha? Nenosiri la msimamizi mkuu liko kwa mfanyakazi wa kaunti au kwa mkandarasi? Nani anaruhusiwa kufuta deni au kupunguza bili, na je, akifanya hivyo jina lake linabaki kwenye mfumo? Zamani wizi ulikuwa kwenye kitabu cha risiti. Sasa unaweza kuwa kwenye kitufe kimoja cha "rekebisha".

Shida ni kwamba afisa huyo huteuliwa na gavana, na gavana anahesabu miaka mitano. Kuzindua mfumo mpya kuna zulia jekundu na kamera. Kusafisha rekodi za mfumo wa zamani hakuna.

Kwa miaka sasa kumekuwa na mpango wa kuwa na mfumo mmoja wa mapato kwa kaunti zote 47. Ungeondoa huu mchezo wa kuanza upya kila mara. Lakini Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa mtandaoni, Wakenya waliona huduma nyingi zinavyokwama pamoja zikipitia mlango mmoja. Na kaunti zina wivu na pesa zao, kwa sababu zinazoeleweka: anayeshika mfumo huwaona walipaji kabla ya gavana.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Wagombea wa ugavana watakuja na ahadi za jiji la kidijitali, hilo halina shaka. Swali la kuwauliza ni fupi: mkishinda, Nairobi Pay mtaibakisha au mtaileta ya nne? Na kama ni ya nne, risiti zetu za sasa zitahamia lini?