Kichupa Kikitoka na Nywele za Kijani, Lawama Msimtupie Edita

Wadau, wiki hii mitandaoni hakukaliki. Kuna mwanadada mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaachia kichupa kipya. Anaonekana yuko juu ya ghorofa Dubai, usiku, taa kibao. Shida ni kwamba nywele zake zina mstari wa kijani pembeni, na kuna sehemu anageuka mkono unapotea kabisa!

Watu wamecheka, stika zimetengenezwa. Sawa, kucheka ruksa. Kilichonikera ni kwamba matusi yote kaoga edita. Dogo katukanwa mpaka kafunga akaunti, na uongozi wa msanii ukamruka kimanga. Mi nasema wazi: kosa lile kwa sehemu kubwa sio lake. Lilifanyika siku ya kushuti, kabla hata faili halijamfikia.

Wengi hawajui ile kazi inavyofanyika. Programu haijui huyu ni mtu na ule ni ukuta. Unaionyesha rangi moja, unaiambia kila penye rangi hii pawe wazi kama kioo, halafu chini yake unaweka Dubai yako. Kijani inatumika kwa sababu iko mbali na rangi ya ngozi ya binadamu, na kamera nyingi za kidijitali zina vihisio vya kijani mara mbili ya vya nyekundu au vya bluu. Na sio ujanja wa jana. Filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 ilishafanya hivyo kwa kutumia bluu.

Sasa, rangi moja maana yake rangi moja kweli. Kitambaa kikiwa na makunyanzi, kila kunjo lina kivuli, na kila kivuli ni kijani kingine. Taa ikiwa moja, upande huu unapata kijani cha limao, ule kijani cha mgomba. Edita akiongeza kiwango ili akikamate chote, programu inaanza kula nywele. Akipunguza, madoa yanabaki. Hapo afanyeje?

Na ule mstari wa kijani? Msanii kasimama karibu sana na kitambaa, mwanga ukagonga kitambaa ukamrudia kwenye nywele na mabega. Dawa yake asogee mbele kama mita 2 au zaidi, kitambaa kiwe na taa zake na yeye awe na zake. Mkono uliopotea nao una sababu. Gauni lile la kung'aa linaakisi kama kioo. Programu imeona kijani kwenye mkono, imefuta. Imefanya ilichoambiwa.

Bado kuna suala la faili. Video za kawaida zinahifadhi rangi kwa ukali mdogo kuliko mwanga: kila pikseli 4 zinagawana rangi moja. Ukichukua klipu hiyo ukamtumia edita kama video ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa tena, kingo zinakuwa uji. Mtumie kama dokumenti, au mpe memori kadi yenyewe. Na ukitaka akurudishie klipu iliyo wazi nyuma, usimng'ang'anize akupe MP4 ya kawaida. Ile haibebi uwazi, utaona nyuma peusi uanze kulalamika hujafanyiwa kazi. Uwazi unabebwa na MOV ya ProRes 4444, WebM, au picha za PNG zilizopangwa moja moja.

Najua kuna atakayesema siku hizi hamna haja ya kitambaa, CapCut ina kitufe kinatoa nyuma chenyewe. Kweli, na kwa klipu ya kuchekesha ya sekunde 15 iko poa sana. Ila kitufe kile kinakisia. Mpe rasta, shela, moshi na mkono unaokimbia uone. Kichupa cha dakika 3 chenye fremu 25 kwa sekunde ni picha 4,500. Zikiharibika, kuna mtu anakesha anazirekebisha kwa mkono, na mara nyingi anakesha kwa ahadi ya kulipwa "video ikitrendi".

Wengine wanasema angekataa kazi. Jamani, kijana ana kodi ya kulipa, jina kubwa limempigia simu, akatae? Wajibu wake ni kusema mapema kwamba picha ni mbovu. Wajibu wa meneja ni kusikiliza na kutoa hela ya kushuti upya.

Kwa hiyo wasanii wetu, edita aitwe siku ya kushuti na alipwe siku hiyo. Ashuti majaribio ya sekunde 10, aijaribu palepale kwenye laptop kabla hamjazima taa. Lokesheni kuna mpambaji, kuna mshika mwamvuli, kuna dogo wa kubeba pochi. Anayekuja kubeba lawama zote ndo anakosa kiti?

Unaonaje mdau, kichupa kikiharibika hivi gharama ya kurudia alipe nani? Na maedita mliopo humu, semeni mnayokutana nayo. Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.