Tusifute Majina ya Wenzetu Tukitafuta Nafasi

Ndugu msomaji, kabla hujakimbilia kurasa za mashairi na vichekesho, nisikize kidogo. Nina neno juu ya kompyuta ya maktaba yetu.

Mwaka jana faili ya Microsoft Access yenye orodha ya vitabu na wakopaji ilinenepa hata ikakataa kuingia kwenye flashi. Sisi wa somo la kompyuta tukajitia mafundi. Safu za namba za desimali, baiti 8 kila namba, tukazigeuza kuwa namba kamili za baiti 2. Safu ya picha za wanafunzi tukaiondoa, tukaweka ya maandishi yenye jina la picha tu. Kuangalia, faili haijapungua. Ati imeongezeka! Basi tukaamua kufuta rekodi za waliomaliza shule. Mkono uliofuta ni wangu.

Na bado faili haikupungua.

Kumbe mambo ni kama ya malori hapa Mariakani. Ukihamisha mzigo kutoka kwenye trela hadi kwenye pikapu, trela tupu bado limeziba uwanja. Safu ikigeuzwa aina, data huandikwa upya mahali pengine, na nafasi ya zamani hubaki mle mle ndani ya faili. Ukifuta rekodi ni vivyo hivyo. Mpaka uamrishe faili ibanwe: programu iandike nakala mpya isiyo na mapengo, kisha iiweke mahali pa ile ya kale. Wengine wote wafunge faili kwanza, diski iwe na nafasi ya nakala hiyo, na wewe uwe umeweka akiba pembeni. Ni kubofya mara mbili tatu tu, jamani!

Muhula huu alikuja kaka mmoja kuchukua cheti chake cha kumaliza shule. Akaulizwa vitabu vya maktaba. Alivirudisha, mimi namkumbuka vizuri, lakini rekodi haipo. Akarudi Kaloleni mikono mitupu, akatafute pesa za vitabu asivyodaiwa.

Wako watakaosema rekodi za kale ni takataka, na kwamba faili ya Access haipiti gigabaiti 2. Kikomo hicho kweli kipo. Lakini mie nasema kubana kuje kwanza, na rekodi ya mtu isifutwe kabla mwalimu wa maktaba hajaichapisha karatasini. Sisi wa kidato cha tatu ndio tutakaofanya KCSE ya mwisho, 2027. Nasi tutakuja kuulizwa vitabu.

Kaka yule nimemwandikia barua ya ushahidi kwa mwalimu mkuu. Bado nangoja jibu.