VYAELEA, VIMEUNDWA

Wahenga wetu walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tunaikumbuka methali hii kwa sababu ya kigari kimoja cha Uingereza, ambacho watu wengi wa kipato cha kawaida wamekiunda wenyewe majumbani mwao.

Asili yake ni Lotus Seven, gari la mbio la viti viwili lililotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Halikuwa na pambo lolote: kiunzi cha mabomba ya chuma, bati jembamba la alumini, na uzito wa karibu kilo 500 tu. Wepesi ndio uliokuwa nguvu yake. Siku zile gari zima lilitozwa kodi kubwa ya mauzo, lakini vipande vilivyonunuliwa na mtu wa kuviunga mwenyewe viliepuka kodi hiyo. Basi mnunuzi akageuka fundi.

Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu kilichonadi kwamba gari la namna ile laweza kuundwa kwa pauni 250. Chukua Ford Escort iliyochakaa, utoe injini, giaboksi na ekseli ya nyuma. Kata mabomba ya mraba ya inchi moja, uyapange juu ya ubao ulionyooka, uyachomee. Mwaka 2007 Chris Gibbs naye akatoa kitabu chake, akitumia vipuri vya Ford Sierra.

Sisi hatudanganyiki na bei ya pauni 250. Jasho halimo katika hesabu ile, wala usiku wa kukesha gerejini. Kilichopunguzwa katika fedha kimelipwa kwa kazi. Lakini tunasema waziwazi kuwa thamani kubwa ya vitabu vile haikuwa bei, bali vipimo. Siri ya kiwanda iliandikwa kwa lugha ya msomaji, ikawekwa mikononi mwa mtu mwenye msumeno na tundu la kuegesha gari.

Wako wanaonung'unika kwamba ukaguzi wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1998 na kukazwa mwaka 2009, unamkandamiza mwenye fedha kidogo. Hatukubaliani nao. Ukaguzi ule hutazama breki, usukani, mikanda, taa na kingo kali zinazoweza kumkata mpita njia. Kiungo kilichochomewa vibaya kikikatika barabarani, hakiulizi kama mwenye gari ni tajiri au maskini. Mtu na abane fedha katika rangi na viti. Katika breki asibane hata senti moja. Serikali nayo ina wajibu wake: anayekagua hana budi kutangaza mapema anachokagua, ili fundi ajifunze kabla ya kushindwa.

Mafundi wetu wa chini ya miembe hawakosi mikono wala akili. Wanachokosa mara nyingi ni michoro na vipimo vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Bila hivyo, ujuzi wa fundi hodari huzikwa pamoja naye, na kijana huanza upya palipoanzia babu yake. Kwa hiyo tunawaomba wenye ujuzi waandike, na wenye mitambo ya kuchapa wachape. Chombo hakielei kwa kusifiwa. Huelea kwa kuundwa.