Imamu, Kasisi na Kodi ya Mapato

Imamu apokeaye posho yake kila mwisho wa mwezi, je, ni mwajiriwa au ni mwenye kujitolea? Jawabu la swali hili ndilo linaloamua kama akatwe kodi na, kubwa zaidi, kama atakuwa na cha kumsitiri uzeeni.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na Sheria yake ya mwaka 2004 inahusu Unguja na Pemba sawa na Bara. Sheria hiyo haitazami kilemba wala joho. Humhesabu kuwa katika ajira mtu mwenye nafasi inayompa haki ya malipo ya vipindi kwa kazi aifanyayo. Basi kasisi mwenye mshahara yumo, na imamu mwenye posho maalumu hana pa kutokea, ijapokuwa posho nyingi ni ndogo mno hata kufikia kiwango cha kukatwa. Ama mwalimu wa chuo, ambaye wazazi humpa kilichopatikana, leo fedha na kesho muhogo, yuko mbali na maelezo hayo. Na hatudhani kuwa yuko ofisa atakayetaka kuupima muhogo ule.

Huko Marekani mchungaji kwa kawaida huhesabiwa mwajiriwa katika kodi ya mapato, lakini katika hifadhi ya jamii huhesabiwa amejiajiri, akabeba peke yake asilimia 15.3 ambayo wengine hugawana na waajiri wao. Nyumba apewayo na kanisa imesamehewa kodi ya mapato tangu 1921, ila thamani yake huingia katika hesabu ya mchango huo. Utaratibu huu ni mzito na hatuuonei kijicho. Hata hivyo, isipokuwa aliyeomba kutolewa kwa sababu ya imani yake, mchungaji anapozeeka jina lake limo daftarini.

Kwetu, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na mtu aliyejiajiri aweza kuchangia kwa hiari. Lakini kamati ya msikiti inayoona haya kuiita posho mshahara haitamwandikisha mtu, na mwalimu aliyefundisha miaka arubaini hubaki kutegemea huruma ya wanafunzi wake.

Tunazishauri Ofisi ya Mufti, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, makanisa na wakusanyaji wa mapato wakutane na kutoa waraka mmoja wa Kiswahili chepesi, uelezao malipo gani ni mshahara, sadaka gani siyo, na nani amchangie mwalimu wa chuo.