Vumbi la Mbinguni na Nuru Iliyopindwa

Ndugu mwandishi, naomba kuongeza neno juu ya jambo ulilolipita upesi katika makala yako kuhusu galaksi za mbali, nalo ni vumbi. Yamkini msomaji atadhani kuwa vumbi linalozifunika nyota changa za galaksi za mbali ni hasara tupu kwa wataalamu wa falaki, kumbe sivyo. Kwani vumbi hilo hunyonya nuru ya nyota hizo, likapata joto, kisha likaitoa nguvu ileile kwa mawimbi marefu yasiyoonekana kwa macho, mithili ya majabali ya huku kwetu Kondoa ambayo baada ya magharibi huendelea kutoa joto ilhali hayang'ai.

Mawimbi hayo ndiyo yapokewayo na antena 66 za darubini ya redio ya ALMA nchini Chile. Na kwa antena hizo galaksi SPT0418-47, ambayo nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 12, huonekana kama pete karibu kamili, kwa sababu galaksi nyingine iliyo njiani huipinda nuru hiyo na kuikuza yapata mara 30.

Wala kanuni hii ya uzito kuipinda nuru si ngeni barani mwetu: tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, kivuli kilipita juu ya Ziwa Tanganyika, na siku hiyohiyo mtaalamu wa falaki Eddington, kisiwani Príncipe, alipiga picha zilizosaidia kuthibitisha hesabu ya Einstein kwamba uzito wa jua huipinda nuru ya nyota. Ingefaa walimu wetu wa fizikia waanze somo lao hapo, kabla ya kuwapeleka wanafunzi Chile.