Mgongo wa Mama na Mashine ya Hospitali

Mama mwenye maumivu ya kiuno akipelekwa kwa wataalamu wa viungo, akapakwa dawa ya baridi na kupitishiwa mashine ya mawimbi mgongoni, hutoka akisema, “Leo nimetibiwa kweli.” Jirani yake aliyeambiwa asilale, aendelee na shughuli zake taratibu, hurudi akinung’unika kwamba hakupewa kitu. Kwa maoni yetu huyu wa pili ndiye aliyetibiwa.

Katika mji wa Helsinki, Finland, wafanyakazi 186 wa halmashauri ya jiji waliopatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lililazwa kitandani siku 2. La pili lilifundishwa mazoezi ya mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Matokeo yalitolewa mwaka 1995: baada ya majuma 3, na tena baada ya majuma 12, waliokuwa na nafuu zaidi ni hao wa tatu. Waliolala ndio waliochelewa kupona. Hata mazoezi hayakuwashinda walioachwa na kazi zao!

Mashine nazo zimepimwa. Mwaka 2016 mwongozo wa Uingereza uliwaambia waganga wasitoe mawimbi hayo, wala mashine za umeme, wala mikanda ya mgongo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vivyo hivyo kwa maumivu yaliyozidi miezi 3. Kwa hayo ya muda mrefu mazoezi yanafaa, lakini yawe yanafanywa kwa utaratibu.

Mbona basi mashine inasifiwa? Maumivu ya ghafla kwa watu wengi hupungua yenyewe katika majuma machache. Anayepitishiwa mashine siku hizo hupata nafuu, na sifa huenda kwa mashine. Nauli na ada ya kila safari vimekwisha kutoka kwenye fedha za unga.

Lakini na utafiti nao tuuhoji. “Shughuli za kawaida” za karani wa Helsinki si kubeba ndoo ya lita 20 kutoka kisimani, mtoto akiwa mgongoni. Ndoo hiyo ni kilo 20! Mama akiambiwa “endelea na kazi” bila kuulizwa kazi yake ni ipi, hajashauriwa. Atembee, apike, afagie kwa ufagio wa mpini mrefu. Maji yachotwe kwa ndoo ndogo, na baba na vijana wa nyumbani washike zamu.

Kwa hiyo ukifika kwa mtaalamu, mweleze kazi zako zote za siku, kisha muulize: nifanye nini mwenyewe nyumbani, mara ngapi, na nitajuaje kwamba kinanisaidia? Mtaalamu mzuri hatachukia, na wako wengi wazuri.

Yako maumivu yasiyongoja ushauri wa gazeti. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukigoma kutoka, ukifa ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, kukonda, au kutoka jasho usiku pamoja na maumivu ya mgongo huenda ikawa kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kina dawa.