Usibebe Cherehani Kabla ya Kusoma Viza



Leo tunawaandikia kutoka bara, Namawala, bonde la Kilombero, ambako mpunga ndio unaolipa ada za watoto. Alikuja kibandani kwetu binti aliyepata nafasi ya kusoma shahada Uingereza. Alitaka tumfundishe haraka kukata na kushona magauni. "Nikifika nitawashonea maharusi wa kule, nijilipie ada." Mama yake alikuwa ameshapiga hesabu: mpunga ulipe mwaka wa kwanza, cherehani imalizie.

Tuliupenda moyo wake. Lakini hesabu hiyo haisimami.

Mwenye viza ya mwanafunzi Uingereza haruhusiwi kujiajiri. Kushona chumbani na kulipwa na wateja ni kujiajiri, hata likiwa gauni moja. Anaruhusiwa kuajiriwa, tuseme kwenye duka la kurekebisha nguo, na kwa kawaida asizidishe saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anayesoma chini ya ngazi ya shahada ni saa 10. Kanada, tangu Novemba 2024, ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Malaysia ni saa 20 kwa wiki, tena kwenye likizo inayozidi siku 7 tu, na kwa kibali cha Uhamiaji.

Uingereza wanataka uonyeshe mapema fedha za ada na za kujikimu. Mshahara unaotarajia kuupata kule hauhesabiwi. Kwa hiyo tunasema: kazi ya muda ni kitoweo, wali uwe umeshaiva nyumbani. Itakusaidia chakula, nauli na nguo ya Idi. Ada ya mwanafunzi mgeni itafutiwe njia nyingine.

Na wewe bibi harusi unayeambiwa, "Mimi nitasoma, wewe utafanya kazi," uliza kabla ya kufunga ndoa. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wanaoanza masomo Uingereza hawaruhusiwi kwenda na wenza wao, isipokuwa wachache, kama wa shahada za utafiti.

Watakuja wa kukushauri utumie kitambulisho cha mwingine au ulipwe kimyakimya. Dada, ukipokea viza umekubali masharti, na aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Isitoshe, mwajiri wa kificho akikudhulumu, utamshitaki wapi? Kazi si aibu kwetu. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara. Ila kabla ya kusaini uliza: nitauza pombe? Nitapata nafasi ya kuswali? Hijabu yangu inakubalika?

Yule binti alilia. Mama yake alinyamaza, kisha akasema safari isubiri mwaka mmoja watafute ufadhili. Wapo waliotulaumu kwamba tumemkatisha tamaa. Sisi tunaona afadhali alie Namawala, mama akiwa karibu, kuliko alie ugenini akidaiwa ada na viza imefutwa.

Kushona bado tunamfundisha. Ufundi hauozi.

Allah awafungulie mabinti zetu milango ya elimu na rizki ya halali. Amin.